UZI: Ujenzi wa moduli za kiwandani. Tuongelee viungo, video za kreni tumeshaziona

#1 Pima_Maji

Wakuu salaam.

Ujenzi wa moduli ukitajwa, watu wanakimbilia kutuma ile video ya kreni inayoshusha chumba kizima chenye kitanda na pazia, na maneno "jengo limesimama ndani ya wiki". Ni kweli linasimama. Video haioneshi miezi ya michoro iliyotangulia, wala haioneshi mahali kazi hii inapoharibikia. Chumba chenyewe kwa kawaida kinatoka kiwandani kizuri tu: fundi yuko chini ya paa, ukuta umelazwa kwenye meza ya jigi (fremu ya kushikilia vipande mahali pake), kila skrubu inafikika. Balaa liko kwenye viungo. Moduli na msingi, moduli na moduli, bomba na bomba, na ile siku kazi inapohama kutoka mikono ya kiwanda kwenda mikono ya saiti.

Tuelewane maneno kwanza. Moduli hapa ni kipande cha nyumba chenye sakafu, kuta na dari, kimekamilishwa kwa sehemu kubwa kabla ya kupakiwa. Paneli ni ukuta au sakafu peke yake, inasafiri imelala au imesimamishwa kwenye raki. Podi ni bafu zima linalosukumwa ndani ya jengo la kawaida, halibebi mzigo wa jengo.

Vipimo vinaamuliwa na barabara kabla ya msanifu. Upana mita 3 hadi 4.2, urefu mita 6 hadi 12, kimo kama mita 3. Njia yote ipimwe kabla michoro haijafungwa: daraja lenye kimo kidogo kuliko yote, waya zinazoning'inia, kona ambayo trela refu haligeuki. Kimo cha moduli ongeza kimo cha kitanda cha trela. Hapo ndipo watu wengi wanapogundua kwamba wanahitaji lowbedi, trela lenye kitanda cha chini.

Uzito: fremu ya chuma chepesi na umaliziaji wake inakwenda kilo 250 hadi 400 kwa mita ya mraba. Moduli ya mita 3.6 kwa 9 ina mita za mraba 32.4, weka tani 10. Ya zege inafika tani 20 hadi 35. Hiyo ya tani 10 tuitumie kama mfano uzi mzima ili hesabu zisitupotee.

Karibuni, kila mtu na eneo lake.

---

#2 Nondo16

Mkuu, nimeona watu wanaziweka juu ya matofali yaliyopangwa tu, chini kifusi kilichoshindiliwa. Kama ghorofa ni moja, kuna haja gani ya msingi wa gharama?

---

#3 Zege_Kavu

@Nondo16 kwa ofisi ya muda ya saiti, sawa, ilimradi umeifunga chini isipeperuke (nitarudi kwenye upepo). Kwa jengo la kukaa watu, tofauti na nyumba ya matofali ni hii: ukuta wa matofali unasambaza mzigo kwenye urefu wake wote, moduli yenye nguzo za kona inatua kwenye nukta nne. Fanya hesabu.

Moduli tani 10. Watu na vitu vyao, weka kilo 150 kwa mita ya mraba, mara 32.4, karibu tani 5. Ghorofa nne ni tani 60 kwa mnara mmoja wa moduli, tani 15 kila kona. Sasa angalia katikati ya jengo, pale kona nne za moduli nne zinapokutana: tani 60 kwenye sehemu moja. Kama udongo unaruhusu tani 15 kwa mita ya mraba, kitako kinataka mita za mraba 4, yaani mita 2 kwa 2, na ukiongeza uzito wa kitako chenyewe unafika 2.2 kwa 2.2. Kitako cha pembeni, kinachobeba kona mbili, kinataka nusu ya eneo hilo. Anayemwaga vitako vyote saizi moja anaandaa nyufa: cha katikati kitazama zaidi ya cha pembeni, na moduli haina plasta ya kuficha kosa. Mlango unaanza kukwama, kigae kinachanika kwenye kona ya bafu.

Pakingi nazo, yaani vipande vya kusawazisha kimo. Usimwage zege mpaka kwenye kimo kamili. Liache chini kwa milimita 20 hadi 30, halafu weka sahani za chuma za unene mbalimbali (1, 2, 3, 5, 10) mpaka upate kimo, kisha jaza grauti (uji wa saruji wa kujazia) isiyosinyaa kuzunguka na chini ya sahani ya nguzo. Zege likiwa juu kuliko inavyotakiwa, hata milimita 8 tu, utalichonga kwa tindo huku kreni inahesabu masaa. Zege la chini unaongeza pakingi, umemaliza.

Pakingi za plastiki ziko, lakini zichague kwa uwezo wa kubeba ulioandikwa. Na vipande vya mbao, hapana. Mbao inasinyaa, inabonyea, na grauti haiishiki.

---

#4 Jicho_la_Dampi

Hapo kwa Zege_Kavu niendelee, maana mpimaji akizembea hakuna grauti itakayomwokoa mtu.

Moja, msingi na moduli vipimwe kutoka kwenye alama zilezile. Kiwanda kina michoro yake, saiti ina vigingi vyake, na hakuna anayekagua kwamba sifuri ya huyu ndiyo sifuri ya yule. Wiki mbili kabla ya kreni, pima kila bolti iliyozikwa na kila kitako, kimo na nafasi, peleka orodha kiwandani. Bolti iliyohama milimita 15 ikijulikana mapema, kiwanda kinarekebisha tundu la sahani. Ikijulikana moduli ikiwa inaning'inia, mtu atawasha gesi akate, na jioni hiyo mhandisi wa muundo anaanza kuandika barua.

Mbili, ulalo, yaani kutoka kona hadi kona ya mkabala. Moduli ya 3.6 kwa 9 ikiwa mraba, ulalo wake ni mita 9.693 pande zote mbili. Pima ulalo wa sakafu na wa dari, kiwandani na tena ikiwa juu ya trela. Upande mrefu ukisogea milimita 10 tu kuelekea mbele, ulalo mmoja unakuwa 9.703 na mwingine 9.684. Tofauti ya karibu milimita 19, inaonekana kwa futi kamba ya kawaida. Kwa hiyo mtu asiseme hakuwa na vifaa.

Tatu, kosa linalojumlika, na hili ndilo linalonipandisha presha. Moduli nane zimepangwa bega kwa bega, kila moja ina kosa la milimita 3. Kama makosa yanakwenda huku na huku, mengine yanazidi mengine yanapungua, jumla inakaa kwenye milimita 8 au 9. Lakini jigi likiwa limekaa vibaya, zote zinazidi upande uleule: 8 mara 3 ni 24. Moduli ya nane haikai kwenye kitako chake. Dawa ni mbili kwa pamoja. Moduli itengenezwe ndogo kuliko nafasi yake kwenye gridi, pengo la milimita 10 hadi 25 liachwe kati ya majirani. Na kila moduli ishushwe kwa kufuata mstari wake wa gridi uliochorwa juu ya msingi. Kijana wa kupokea moduli akishaanza kubananisha na jirani "ili ikae vizuri", mmeshapotea.

Kwenda juu ni vilevile. Baada ya kila ghorofa pima vimo vya kona zote, sawazisha kwa pakingi kabla ya inayofuata. Ukisubiri mpaka ghorofa ya tano ndiyo uangalie timazi, utakuta mnara umeegemea upande na huna pa kurudi.

---

#5 Kamba_Ndefu

Naingia kwenye kunyanyua.

Kosa la kwanza ni kuagiza kreni kwa jina lake. "Tuleteeni ya tani 100". Hizo tani 100 inazibeba ikiwa imekumbatia mzigo, umbali wa mita 3 hivi kutoka katikati yake. Kwenye mita 20 huenda imebaki na tani 10 na kitu, soma jedwali la kreni hiyohiyo na urefu huohuo wa mkono. Mzigo wako nao si tani 10. Ongeza fremu ya kunyanyulia, tani 1 au zaidi, pingu, mikanda, ndoano. Ongeza maji ya mvua yaliyojikusanya juu ya nailoni iliyofunika moduli. Moduli ya mbali kuliko zote ndiyo inayochagua kreni, hata kama ni moja tu.

Miguu ya kreni isitue juu ya mtaro wa maji taka uliofukiwa juzi kwa ajili ya jengo hilohilo. Linachekesha mpaka litokee.

Pembe za mikanda. Ukifunga mikanda minne moja kwa moja kutoka kona nne hadi kwenye ndoano, kila mkanda unavuta juu na pia unavuta kona kwenda ndani. Mkanda ukiwa nyuzi 60 kutoka usawa wa dari, kwa tani 10 unabeba kama tani 2.9 na unaminya kona ndani kwa tani 1.4. Ukiulaza hadi nyuzi 30 kwa sababu mkono wa kreni haufiki juu, unabeba tani 5 na unaminya kwa tani 4.3. Fremu nyepesi inajikunja hapo, jipsamu inachanika mstari mmoja kutoka kona ya dirisha. Tena hesabu hii inadhani mikanda minne inagawana sawa. Haigawani. Mhandisi mwenye akili anachukulia miwili tu ndiyo imebeba. Ndiyo maana tunatumia fremu ya kunyanyulia: mikanda kutoka fremu hadi moduli inakuwa wima, na fremu ndiyo inayominywa.

Kitovu cha uzito: bafu liko mwisho mmoja, vigae, sinki, mabomba, vyote upande huo. Kitovu kikihama sentimita 60 kutoka katikati na ndoano iko mita 6 juu yake, moduli itainama mpaka ndoano iwe juu ya kitovu. Kwa urefu wa mita 9, mwisho mmoja unakuwa chini ya mwingine kwa sentimita 90 hivi. Huwezi kutua hivyo, pini za kona zinazoshika moduli kwenye ya chini yake hazitaingia. Fremu iwe na matundu mengi ya kusogeza ndoano, na kila moduli ije na karatasi: uzito uliopimwa kwenye mizani, na kitovu kiko wapi.

---

#6 Nondo16

Na upepo mkuu? Kreni ina kikomo chake kwenye kibao, si tufuate hicho?

---

#7 Kamba_Ndefu

Kibao kinadhani unanyanyua mzigo mdogo mzito. Moduli ni tanga. Ubavu wa mita 12 kwa 3 una mita za mraba 36. Upepo wa mita 10 kwa sekunde unausukuma kwa karibu kilonyutoni 2.6, sawa na uzito wa kilo 265. Upepo wa mita 14 unausukuma mara mbili ya hapo, kwa sababu nguvu inakwenda na mraba wa kasi. Hao vijana wawili wenye kamba za kuongoza hawana ubavu huo. Kwa hiyo kikomo cha moduli kinaandikwa kwenye mpango wa kunyanyua, mara nyingi ni cha chini kuliko cha kibao, na kipima upepo kiwe kwenye ncha ya mkono wa kreni, kule juu ambako upepo wenyewe upo.

Spidi: kikosi kizuri kinashusha moduli 6 hadi 10 kwa siku. Ukiahidiwa 20 uliza zinashushwa na nani.

---

#8 MamaVipimo

Kaka zangu mmeongea vizuri lakini mmeruka barabara. Moduli inapata mtikisiko mwingi zaidi kwenye trela kuliko itakavyopata maisha yake yote ikiwa imekaa. Nyufa zinazotokea huwa zinajulikana mahali pake: kona za juu za milango na madirisha, maungio ya mbao za jipsamu yaliyopangwa sawa na ukingo wa mlango, na silikoni ya sinki.

Namna ya kuzizuia: mbao ya jipsamu ikatwe umbo la L kuzunguka kona ya mlango, kiungo kisianguke kwenye mstari wa fremu ya mlango. Gundi pamoja na skrubu, skrubu kila milimita 200 au chini yake. Vigae kwa gundi inayonyumbuka, na kona za ndani za bafu ziachwe silikoni badala ya saruji ya viungo. Uwazi mkubwa, mfano ubavu ulioachwa wazi ili moduli mbili ziwe sebule moja, lazima ufungwe fito za mshazari za muda. Fito hizo zitoke baada ya moduli kufungwa bolti kwa majirani, na mtu mmoja awe na orodha yake, la sivyo fundi umeme atazing'oa asubuhi ili apitishe ngazi.

La pili ni ukaguzi. Kwenye jengo la kawaida mkaguzi anakuja saiti, anaona nondo, anaona nyaya kabla ya plasta. Moduli inafika imefungwa pande zote. Kama hakuna aliyekwenda kiwandani, hakuna aliyeona. Wekeni vituo vya kusimama kwenye mstari wa uzalishaji: fremu imekwisha, kabla ya sufi ya mawe (kihami cha kujaza ukutani), mabomba na nyaya vimekwisha, kabla ya jipsamu, na kabla ya kufungwa nailoni. Kila kituo na picha zenye namba ya moduli ndani ya picha. Folda yenye picha elfu zisizo na namba ni mapambo.

Na nailoni yenyewe! Ikibanwa pande zote bila tundu la hewa, jua linapasha ndani, usiku kunapoa, maji yanachuruzika kwenye dari. Watu wanafungua moduli mpya yenye ukungu wanasema paa limevuja.

---

#9 Chuma_Chakavu

Kuna anayetaka kuuliza kontena, najua, nimtangulie.

Kontena la meli ni moduli iliyobuniwa kubeba mzigo kwenye kona nne na kupangwa baharini. Nguzo zake za kona zina nguvu kupita mahitaji ya nyumba: kiwango cha kimataifa kilitaka zihimili majaribio ya kilo 192,000 zilizowekwa juu. Watu wanasoma namba hiyo wanadhani kila sehemu ya kontena ni hivyo. Ubavu wa bati lenye mikunjo nao ni sehemu ya muundo. Ukikata uwazi wa mita 4 ubavuni, boriti ya juu iliyobaki ni bomba jembamba la mraba lenye upana wa sentimita 6 hivi. Linanepa. Kabla ya kukata, chomelea boriti juu ya uwazi na nguzo pande zote mbili zinazofika hadi chini. Kabla. Ukishakata ndiyo uchomelee, unaichomelea ikiwa imeshanepa.

Upana wa ndani ni mita 2.35. Toa sentimita 6 au 7 kila upande kwa kihami joto na jipsamu, umebaki na mita 2.2. Kitanda kikikaa kwa upana, mlango haupiti. Sakafu ni plaiwudi ya milimita 28, na nyingi zilipakwa dawa ya wadudu kwa safari za baharini; ing'oe au ifunike kwa tabaka lisilopitisha hewa. Kihami joto kibandikwe moja kwa moja kwenye bati bila pengo, la sivyo mvuke wa ndani unafika kwenye chuma baridi na unatiririka nyuma ya jipsamu mahali usipoona.

Na ule upepo Zege_Kavu alioahidi: kontena tupu la futi 20 lina kilo 2,300 hivi na ubavu wa mita za mraba 15.7. Upepo wa mita 40 kwa sekunde unalisukuma kwa nguvu ya kulipindua inayokaribia kabisa ile ya uzito wake kulibakiza. Ongeza mvuto wa upepo juu ya paa, limelala. Kwa hiyo lile linalokaa juu ya matofali bila nanga ni suala la dhoruba ipi tu.

---

#10 Kizuia_Moshi

Sasa nafasi kati ya moduli. Jicho_la_Dampi anaipenda kwa sababu inameza makosa ya vipimo. Mimi ninaiona ni bomba la moshi. Kila moduli ina ukuta wake, dari yake na sakafu yake, kwa hiyo kati ya vyumba kuna uwazi unaotembea kwenye jengo zima, wima na kulala. Moto ukiingia humo unaibuka ghorofa tatu juu, na zimamoto wanaelekeza maji kwenye chumba kisicho na shida.

Uwazi ukatwe kwa vizuizi kwenye kila sakafu na kila mstari wa ukuta wa kutenganisha nyumba. Kawaida ni ukanda wa sufi ya mawe mnene kuliko pengo, ili ubanwe moduli zinapokutana. Hapa ndipo penye ujanja: ukanda unafungwa kwenye moduli kabla haijashushwa, na moduli ikishuka ikikwaruza jirani, ukanda unakunjuka na kudondoka ndani. Hakuna atakayeuona tena. Moduli ishushwe kwanza kwa pengo pana, halafu isogezwe kwa jeki mlalo mpaka ukanda ubanwe, na kila ukanda upigwe picha kabla ya moduli inayofuata kuziba mwanga. Pengo lililotoka milimita 35 badala ya 20 halizibwi na ukanda uleule. Agiza mnene zaidi, usiongeze povu la kupuliza.

Sahani na bolti za kona nazo ni chuma. Chuma kikikaribia nyuzi 600 za Selsiasi kimebaki na kama nusu ya nguvu yake. Wanazikinga nguzo kwa tabaka mbili za jipsamu, kisha wanaacha kiungo wazi kwa sababu bolti lazima ikazwe saiti. Kipande cha kufunika kije kimeshakatwa, na namba.

Pia viungo ndivyo vinavyozuia jengo lisianguke mfululizo. Tarehe 16 Mei 1968, ghorofa ya 18 ya jengo la Ronan Point huko London, lililojengwa kwa paneli za zege, gesi ililipuka. Mlipuko ulisukuma ukuta nje, na kona nzima ya jengo la ghorofa 22 ikaporomoka, watu wanne wakafa. Paneli zenyewe hazikuwa dhaifu. Zilikaa juu ya zenzake bila kufungwa vya kutosha. Jengo lilipokuja kubomolewa mwaka 1986, baadhi ya viungo vilikutwa vimejazwa magazeti mahali palipotakiwa zege. Moduli moja ikitoka, zilizobaki lazima ziweze kuning'inia kwa majirani. Waulizeni wahandisi wenu swali hilohilo kwa maneno hayohayo.

---

#11 Mchundo

Ngoja niwapinge kidogo. Kwa nini tunasafirisha hewa? Trela moja limebeba mita za mraba 32 na ndani hakuna kitu. Paneli za nyumba ya ukubwa kama huo, na zaidi ya hapo, zinalala kwenye trela hilohilo, kibali maalumu hakuna, kreni ndogo inatosha. Bafu na jiko tuyalete kama podi, ndiyo sehemu zenye mafundi wengi. Vilivyobaki, paneli.

---

#12 Pima_Maji

@Mchundo kwa nyumba moja moja, au njia nyembamba, uko sahihi kabisa na sitabishana. Moduli kamili inalipa vyumba vikiwa vingi na vinafanana: hoteli, mabweni, wodi. Hoteli ya Hilton Palacio del Rio kule San Antonio, Texas, ilijengwa hivyo mwaka 1968, vyumba vya zege vikipandishwa na kreni vikiwa na samani ndani. Na kwenye majengo marefu hakuna anayetegemea moduli peke yake kwa upepo. Ile minara ya 101 George Street, Croydon, mrefu wake ghorofa 44, uliokamilika 2020, moduli zimefungwa kwenye viini vya zege (minara ya ngazi na lifti) vilivyomwagwa palepale. Mchanganyiko ndio kawaida.

Podi nayo ina kiungo chake: sakafu yake ina unene. Usipoacha slabu (sakafu ya zege ya jengo) ya eneo la bafu ikiwa chini zaidi, utapata ngazi mlangoni, na mtu wa kiti cha magurudumu haingii. Unene huo ujulikane kabla ya kufunga mbao za slabu, ukiongeza na nafasi ya pakingi.

---

#13 Bomba_Robo3

Nilikuwa nasubiri zamu ya maji.

Majaribio yafanyike mara mbili, kiwandani na baada ya kushushwa. Kiwanda kitakuonesha cheti na ni cha kweli, ila bomba limeshatikiswa kilomita mia kadhaa tangu cheti kiandikwe. Maji ya kunywa: mara moja na nusu ya presha ya kazi. Ikiwa kazi ni bar 4, pima kwa 6. Mabomba ya plastiki yanatanuka mwanzoni na geji inashuka bila kuvuja, kwa hiyo pandisha tena baada ya nusu saa ndipo uanze kuhesabu saa yako. Anayepima dakika tano anajipima mwenyewe.

Maji taka ndani ya moduli: bomba la milimita 100 linataka mteremko kati ya 1 kwa 80 na 1 kwa 40. Kwa mita 3 hiyo ni milimita 38 hadi 75 za kushuka, ndani ya sakafu ya fremu ambayo haina kina kikubwa. Na moduli ikisawazishwa kwa pakingi ikakaa milimita 15 juu upande wa choo au chini, mteremko wako umebadilika. Pima mteremko tena ikiwa imetua.

Kiungo kati ya bomba la moduli na la wima kiwe cha kunyumbuka, kiruhusu kusogea milimita kadhaa kila upande. Na kiwe ukumbini, nje ya chumba. Fundi asifungue bafu la mtu ili afikie bomba la jirani.

Mfano wa kinyume chake ni Nakagin Capsule Tower, Tokyo, kazi ya Kisho Kurokawa, 1972. Kapsuli 140, kila moja imeshikwa na bolti nne, mpango ukiwa zibadilishwe kila baada ya miaka 25 hivi. Hakuna hata moja iliyobadilishwa. Zilipangwa zikiwa zimebanana, kufikia mabomba nyuma yake ilikuwa kazi, na kutoa ya chini kulitaka kwanza utoe za juu yake. Jengo likabomolewa 2022. Bolti nne unazifungua kwa dakika chache ukizifikia.

Umeme nitaupita haraka: nyaya za moduli ziishie kwenye boksi moja karibu na mlango wa ukumbini, soketi za kuchomeka zenye umbo ambalo haliingii kinyume, na upinzani wa kihami upimwe kwa volti 500 baada ya kuunganisha. Chini ya megaohmu 1 usiwashe, huenda kuna skrubu ya jipsamu imepita kwenye waya.

---

#14 Nondo16

Nimeelewa mengi. Swali la pesa: kiwanda kinataka malipo makubwa kabla hata moduli moja haijafika. Ndiyo kawaida?

---

#15 Pima_Maji

Ndiyo, kwa sababu vifaa vyote vinanunuliwa mapema. Lipa kwa vituo vile vya MamaVipimo: fremu imekaguliwa, mabomba yamekaguliwa, imefungwa. Kila moduli iliyolipiwa iwe na namba yake, mkataba useme ni mali yako ikiwa bado iko uani kwao, na bima iitaje uani, barabarani na kwenye ndoano. Kiwanda kikifilisika na moduli zako hazina jina, unasimama foleni na wadai wengine.

Na usiruhusu mabadiliko michoro ikishafungwa. Kusogeza soketi moja kwenye jengo la tofali ni tindo na nusu saa. Kwenye moduli 60 zilizo mstarini ni kusimamisha jigi.

---

#16 Paa_Bapa

Mmenisahau mimi. Kati ya moduli ya ghorofa ya kwanza kushushwa na paa la mwisho kukamilika kuna wiki za mvua. Dari ya kila moduli iwe na utando wake usiopitisha maji, umepanda pembeni na kuteremka sentimita 15 hivi ubavuni, sio nailoni ya safari peke yake. Nailoni inachanika pale mikanda ilipopita. Matundu ya kunyanyulia yazibwe siku ileile. Mapengo kati ya moduli yafunikwe kila jioni hata kama mbingu ni nyeupe, maana maji yakiingia pengoni yanatafuta sakafu ya chini, yanakaa juu ya plaiwudi chini ya vigae, hayaonekani. Harufu ndiyo inaleta taarifa. Kwa fremu za mbao, kifaa cha kupimia unyevu kisome chini ya asilimia 18 kabla hujafunga chochote cha mwisho.

---

#17 Nondo16

Swali la mwisho wakuu. Bolti za kona za katikati ya jengo, pale moduli nne zinapokutana, zinakazwaje kama kila upande umeshazibwa?

---

#18 Kamba_Ndefu

Kutoka juu, au kutoka ndani. Kutoka juu: sahani ya kiungo inakaa kwenye vichwa vya nguzo nne, unafunga bolti za chini, ndipo moduli ya juu inashuka kwenye pini za sahani hiyo. Yaani kila ghorofa inakazwa kabla ya inayofuata, hakuna kurudi. Kutoka ndani: tundu kwenye ukuta wa kona, kubwa ya kuingiza mkono na spana ya kipimo (inayopima nguvu ya kukaza) pamoja, weka milimita 200 kwa 300, kwenye kabati au nyuma ya mlango. Jaribu na spana yenyewe kiwandani, kwenye moduli ya kwanza, kwa sababu mchoro hauoneshi mpini wa spana. Bolti iliyokazwa ipigwe mstari wa rangi kutoka kichwani hadi kwenye sahani, mkaguzi ataona kwa tochi kama imezunguka.

---

#19 Kizuia_Moshi

Na tundu hilo lifungwe kwa kipande cha tabaka mbili za jipsamu na sufi nyuma yake kabla ya kabati kurudishwa. Kifuniko cha plastiki cha duka la umeme hakihesabiki.